Ncha ya Pili ya Mpira

Nilikwenda Vingunguti na jibu mfukoni,
limekunjwa vizuri, limepigwa pasi:
mtaro umeziba kwa sababu watu wanatupa taka,
wanatupa taka kwa sababu hawajaelimika,
basi tuchore mabango, tuwaelimishe, tupige picha.
Kundi la tatu, watu watano, wiki sita za mafunzo ya uongozi,
na mwenyekiti ni mimi,
kwa kuwa nilinyoosha mkono kabla swali halijaisha.

Chausiku alikuwa anamenya chungwa.
Hakuinua macho.
"Umejuaje?"

Neno moja tu.
Mimi niliyeshika namba moja tangu darasa la pili
nikatafuta pa kuliegemeza jibu langu,
nikakuta hewa.
Nilikasirika, nisiwafiche.
Usiku ule, Buguruni, umeme umekatika,
nilimjibu mara ishirini kitandani,
na kila mara nilishinda,
na kila mara sikulala.

Jumamosi tukaenda kuangalia badala ya kusema.
Nyamizi alihesabu viroba.
Pendael alizungumza na mama wa vitumbua,
aliyetuonyesha ukutani mstari wa maji ya masika,
usawa wa kiuno cha mwanawe.
"Hizo taka," akasema, "tulizizoa Jumatano, mtaa mzima.
Alhamisi ikanyesha.
Maji yakaingia ndani bila hodi, kama kawaida yake."

Jibu langu likaanza kuvuja.

Shomari, aliyekaa kimya wiki mbili
(daftarini nilikuwa nimemwandika: hachangii),
akaondoka, akarudi na mpira,
ule mwembamba wa mafundi waashi, unaoonyesha ndani,
mita ishirini, kaujaza maji ya kisima.
"Shika ncha hii," akaniambia.
"Usiinue, usishushe. Na usiseme."

Nikachuchumaa topeni, mwenyekiti mzima,
na suruali yangu ya kitambaa.
Yeye kule mwisho, kwenye kalavati jipya.
Maji yakapanda ndani ya mpira, yakashuka, yakasita,
yakatulia.
Maji hayajui cheo. Hayamtazami mtu usoni.
Nyamizi akapima kwa mkono, huku na kule:
sakafu ya kalavati iko juu kuliko mtaro wenyewe,
shibiri moja na vidole vinne.

Tulitaka watu waelimike
ili maji yapande mlima.

Hakuna aliyenicheka. Hilo ndilo lililoniuma.
Chausiku alinipa kitambaa nifute mikono,
kisha akamgeukia Shomari, sauti ile ile:
"Na wewe, umejuaje kama mpira hauna hewa?"
Shomari akaugonga kwa ukucha, pole pole, urefu wote.
Kiputo kilikuwepo, kidogo kama punje ya mtama.
Tukaanza upya.
Vidole vinne vikawa vitatu.

Siku ya kuwasilisha, hotuba yangu ya kurasa nne
niliiacha nyumbani, chini ya godoro.
Alisimama Shomari.
Sentensi ya pili ikamkwama kooni,
ukumbi ukakohoa, feni zikazunguka,
na ulimi wangu ukaniwasha:
neno lililopotea nilikuwa nalo,
ningeweza kulitupa kule mbele, nikapigiwa makofi.
Nikashika ncha yangu.
Sikuinua. Sikushusha.
Akaimalizia mwenyewe.

Barua iko ofisi ya kata, ina muhuri wa kupokelewa;
masika mengine yamekwisha pita juu yake,
na mama wa vitumbua amechora mstari mpya ukutani.
Tunakwenda kuiulizia kila Jumatatu ya kwanza,
wawili wawili, kwa zamu.
Kwenye cheti changu wamekosea jina.

Lakini mpaka leo, nikifungua mdomo kusema "ni wazi kwamba,"
nasikia ganda la chungwa likichanika,
naufunga kwanza,
nachuchumaa.